Hedi na Heda

Sikukosea. Kwa miaka ishirini na sita nimekubali kuchekwa kwamba nilikosea. Nimechekwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, hata siku niliyotetea tasnifu yangu, mbele ya maprofesa walioshika bilauri zao na kutaka kujua kwa nini mama mmoja wa Katuba ananiita Mamzeli Hedi. Kila mara niliinamisha kichwa na kusema kwamba nilikuwa bado msichana, na Kiingereza changu kilikuwa cha vitabuni. Uongo mtupu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi wa idara ya Kiingereza, na nilijua tofauti kati ya hedi na heda kama nilivyojua tofauti kati ya chumvi na sukari. Niliandika neno baya kwa kalamu yangu, mchana kweupe, kwa sababu ya wivu. Baadaye, watu walipodhani ni ujinga, nikaona kuitwa mjinga ni adhabu nyepesi kuliko kuitwa mbaya. Nikaichagua ile nyepesi, na nimeivaa tangu hapo kama gauni ambalo halinikai vizuri lakini nimelizoea.

Nayasema haya sasa kwa sababu Papa Anakleti, mwenye nyumba wangu wa wakati ule, amefariki, na mimi, kwa kuwa ndiye ninayeandika katika magazeti, niliombwa kusema maneno machache mbele ya jeneza. Mjane wake, Mama Vero, alinitumia ujumbe mmoja tu kutoka kwenye kilio: "Usisahau ile ya hedi. Bantu bacheke kidogo." Nilikaa mezani kwangu, huku Karavia, mbele ya karatasi nyeupe, nikaandika sentensi ya kwanza ya kichekesho kile kwa mara ya mia. Mkono ukakataa. Kumdanganya mtu aliye hai nimezoea. Kumdanganya akiwa amelala pale, mikono kifuani, hawezi hata kukohoa kwa shaka, hilo liliniwia zito.

Mwaka ule nilipanga chumba katika uwanja wa Papa Anakleti, mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Alikuwa fundi mstaafu wa reli, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyojaa makovu madogo meupe, na macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili, na ukuta wa rangi ya kijani uliobambuka kwa umbo ambalo nililiona kama ramani ya nchi nisiyoijua. Ng'ambo ya uwanja, mlango kwa mlango na wangu, alikaa Bea. Bea alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, binti wa familia ya Kasai, mshonaji aliyefundishwa na masista, na cherehani yake iliimba tangu asubuhi. Katikati yetu, chini ya paa la mabati lililoegemezwa kwenye nguzo nne, alikaa Madamu.

Madamu ilikuwa gari. Gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa yaliyoanza kuchacha, lenye pua ndefu na viti vya ngozi vilivyoshonwa upya na Bea. Papa Anakleti hakuwahi kusema "ile gari". Alisema "Madamu ameamka vibaya leo", "Madamu hapendi baridi". Mama Vero, akikoroga bukari, ugali wetu, kwenye chungu kikubwa mlangoni mwa jiko, alikuwa akijibu bila kugeuka: "Mi nimeolewa, lakini Madamu njo anaulizwaka kama amelala muzuri." Nilimsikia akisema hivyo, kwa lile njo la Katuba, yaani ndiye au ndiyo, karibu kila siku, na kila siku Papa alicheka kama ni mara ya kwanza. Nilikula jikoni mwao. Hilo halikuwa katika mapatano ya pango. Lilianza tu, sahani moja ya samaki tomsoni na mchicha wa lengalenga, kisha nyingine, mpaka nikawa na kiti changu. Ninalitaja kwa sababu linahusika na ubaya wangu: nilikuwa na kiti.

Wazee hao walikuwa wakikaribia miaka arobaini ya ndoa. Walifungia ndoa Lukafu, katika kanisa dogo la kule, na Papa alikuwa amemwahidi mkewe kwamba siku hiyo atamrudisha pale ndani ya Madamu, si juu ya lori la mahindi kama walivyoondoka. Macho yake hayakumruhusu tena kuendesha safari ndefu. Kwa hiyo alitufundisha sisi wawili, mimi na Bea, jioni katika barabara pana nyuma ya soko, na mwanzoni mwa mwaka alinigusa bega akasema: "Odeti, wewe njo utatupeleka Lukafu." Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha zaidi, na nimepewa viwili vitatu tangu hapo. Niliandika barua nyumbani. Nilimwambia hata padri.

Kisha Madamu akaanza kukohoa. Kolekteri yake ya zamani, kile chuma kinachopokea moshi unapotoka ndani ya injini, ilikuwa imepasuka, na Papa alikuwa amepata badala yake kitu kilichotoka upande wa Zambia: mabomba manne yaliyopindwa kwa ustadi na kukutana kuwa moja. Aliyemletea alikiita heda. Sisi hatukuwa na neno hilo. Lilikuja pamoja na kitu chenyewe, nasi tukalipokea kama mgeni. Lakini heda haikukaa sawasawa juu ya injini. Moshi ulipenya, ukaingia ndani kupitia sakafu, na Mama Vero, aliyekaa nyuma katika safari moja fupi ya kwenda kanisani, alishuka ameshika kichwa, akatapika kando ya barabara. Papa alisimama pembeni yake ameshika kofia. "Hivi hatuende Lukafu," alisema. "Siwezi kumupeleka mwanamuke wangu kwa padri akiwa amekufa."

Asubuhi iliyofuata aliiwasha injini ikiwa baridi na kutuita. "Sikilizeni. Inavuja wapi?" Nilisikiliza. Nilisikia gari. Nilisikia kelele moja kubwa, kama mtu asiyejua Kiluba anavyosikia Kiluba. Bea alikuwa bado na sindano mbili zimechomekwa kwenye blauzi yake. Aliinama, akafumba macho, akasema: "Tiki, tiki, tiki. Kama cherehani inaruka uzi. Iko ya tatu, Papa, kuhesabu toka mbele. Na ya ine kidogo." Papa alipaka maji ya sabuni kwenye maungio. Kwenye bomba la tatu mapovu yalitoka makubwa, kwenye la nne madogo. Injini ilipopata moto, mlio ule, ambao mimi sikuwa nimeusikia, inasemekana ulipungua, kwa sababu chuma kilitanuka na kuziba. Papa alimtazama Bea kwa macho yake yenye utando kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Aba," alisema. "Mutoto iko na sikio." Kisha akatamka lile neno lililoharibu mwaka wangu: "Basi, mwenye kumuponesha Madamu njo ataendesha."

Hakukusudia kuninyang'anya kitu. Ninajua sasa, nadhani nilijua na siku ile. Alikuwa fundi, na kwa fundi hiyo ni haki ya kawaida kabisa. Lakini wivu hauna masikio kama vile nilivyokuwa sina. Nilirudi chumbani na kusoma ukurasa mmoja wa sarufi mara saba. Tangu siku hiyo nilianza kumhesabia Bea kila kitu: kipande cha samaki alichowekewa, muda aliokaa chini ya boneti, jinsi Papa alivyomwita "binti" na mimi "mwanafunzi". Nilianza hata kuichukia cherehani yake. Leo mwandishi mwenzangu akisifiwa gazetini, naumwa mahali pale pale, chini kidogo ya mbavu za kushoto, na huwa najiambia: ni Katuba hiyo, itapita.

Kuchagua gasketi, kile kipande bapa cha kuziba kati ya heda na injini, kulichukua wiki mbili, na wiki hizo zilinionyesha kwamba Bea hakubahatisha. Ya kwanza Papa aliikata kwenye karatasi ngumu. Ikaungua siku ya tatu na kuacha masizi meusi kuzunguka tundu. Ndipo wakakaa, yeye na Bea, kwenye benchi, heda ikiwa imelazwa magotini mwao kama mtoto anayevalishwa. Papa aliweka rula juu ya uso wake. Katikati palikuwa na uwazi wa kupitisha wembe. "Imepinda," alisema. "Gasketi nyembamba haitajaza." Bea akapima tundu moja moja kwa utepe wake wa kushonea. Alimwonyesha Papa kwamba tundu za ile gasketi iliyoungua zilikuwa ndogo kuliko za injini, kwa hiyo ukingo wake ulichungulia ndani, moto ukaulamba. "Ni kola, Papa. Kola ikiwa ndogo kuliko shingo, itapasuka pale pale." Papa alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu mkononi, nikisema moyoni kwamba kulinganisha injini na shati ni upuuzi. Sijasoma maelezo bora zaidi tangu siku ile.

Walikubaliana: inatakiwa gasketi nene, ya tabaka mbili za bati na nyuzi katikati, yenye tundu pana kidogo kuliko za injini. Lubumbashi haikupatikana. Papa alikuwa na mwenzake wa zamani wa reli aliyekaa mji wa Sakania, ambaye alivuka mpaka kila mara na kujua duka moja upande wa pili. Ilibidi kuandika agizo kwa Kiingereza. Wote watatu walinitazama, hata Mama Vero kutoka jikoni. "Hapa sasa," alisema, "ile masomo itatumika."

Niliandika mezani, chumbani kwangu, mlango wazi. Niliandika aina ya gari, mwaka wake, ukubwa wa injini, kwa herufi nzuri. Niliandika gasketi ya heda. Nje, Bea alikuwa akicheka na Papa jambo nisilolisikia, na kicheko chake kilipanda juu kidogo mwishoni, kama swali. Nikaitazama karatasi. Heda. Ukiondoa sauti ya mwisho na kuweka nyingine, unapata hedi, na hedi, kwa watu wa ng'ambo ile, ni kile sisi tunachokiita kulasi, kichwa chenyewe cha injini, ambacho kina gasketi yake tofauti kabisa. Nilifikiri hivi, waziwazi, kwa sentensi kamili: ikija isiyofaa, muda utakwisha, Madamu hatapona, na Bea hataendesha. Sikufikiri kwamba mimi nitaendesha. Wivu wangu haukuwa na matumaini hata kidogo. Nikakata neno, nikaandika lingine juu yake, nikakunja karatasi mara nne. Juu ya Mama Vero na Lukafu yake sikufikiri kabisa, na hilo ndilo linaloniamsha mapema hadi leo.

Kifurushi kilirudi siku nne kabla ya sherehe, kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Papa alikifungua uwanjani. Alitoa kitu kipana, bapa, chenye matundu manne makubwa ya mviringo na mengine madogo mengi. Alikigeuza. Alikigusa ukingo kwa kidole gumba. "Hii haiko ya kolekteri," alisema taratibu. "Hii iko ya kulasi." Mwenzake wa Sakania, aliyekileta mwenyewe, alisema ameomba kilekile kilichoandikwa: hedi. Papa akanitazama. Nikafungua kinywa na uongo ukatoka ukiwa umeshaoga na kuvaa: "Mimi nilidhani ni kitu kimoja."

Aliyeanza kucheka ni Mama Vero, na nadhani alicheka ili asilie. "Chuo kikuu miaka mbili, hajue kichwa na kifua." Jirani aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta akauliza kuna nini, akaambiwa, naye akapeleka mbele. Kabla ya bukari la mchana nilikuwa Mamzeli Hedi. Bea peke yake hakucheka. Alikuwa ameokota gazeti na kamba chini, akikunja vitu vile kwa uangalifu wa mshonaji asiyetupa kipande.

Jioni ile jikoni Mama Vero alipakua, akakaa, akasimama tena bila kula. Aliingia sebuleni. Tulimsikia akivuta kiti, kisha akarudi amekumbatia ile picha ya shaba iliyokuwa ukutani, juu ya redio: mwanamke anayetwanga, imegongwa kwa nyundo kwenye bati la shaba, kama zile zilizo katika nyumba nyingi za mji huu. Walipewa siku ya ndoa. Aliiweka mezani, kati ya sahani. "Bea, hii inaweza kuziba?"

Papa alisema, "Vero, hapana. Hii ni ya ndoa."

"Njo juu ya ndoa nauliza. Iko ukutani miaka makumi ine, haijafanya kazi hata siku moja."

Bea aliipapasa pembeni, pasipokuwa na picha, kisha akaangalia unene. Alisema shaba iliyogongwa huwa ngumu, haitaziba. Lazima irudishwe ulaini. Hilo alifundishwa na Papa wiki ile ile, nami nilikuwepo, mlangoni, na kitabu. Asubuhi waliipangua kwenye fremu. Bea alichora tundu kwa chaki ya kushonea, akakata kwa mkasi wa mabati, akaacha kila tundu pana kidogo, "juu shingo ipumue". Wakaviweka vipande kwenye mbabula, jiko la makaa la Mama Vero, mpaka vikawa vyekundu kama jicho la jogoo, wakavitumbukiza ndani ya ndoo. Vilitoa mlio mfupi. Vilipotoka vilikuwa laini, vinapinda kwa vidole. Walipanga vipande viwili viwili ili kujaza pale palipopinda. Papa alikaza boliti kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, akawasha, akaacha ipate moto, akazima, akasubiri ipoe, akakaza tena. Kwa yule mwanamke anayetwanga ulibaki mkono mmoja na mchi. Mama Vero aliutundika tena mahali pake, bila fremu.

Bea aliendesha mpaka Lukafu. Mimi nilikaa nyuma na Mama Vero, kati yetu sufuria ya wali imefungwa kwa kitambaa. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu na Madamu alienda kimya, bila harufu yoyote. Nilikuwa nikivuta pumzi kwa nguvu, nikitafuta moshi, nikiutamani. Mama Vero alilala begani kwangu njia nzima. Alikuwa mzito. Alipoamka aliona mnara wa kanisa, akashika mkono wangu, akasema tu, "Unaona, Mamzeli Hedi. Tumefika bila kichwa."

Mwaka uliofuata nilihama. Nilisema ni kwa sababu ya masomo. Bea alibaki, akaacha cherehani pole pole. Leo ana gereji yake mwenyewe, na wanaume sita wenye ndevu humwita Mama Shefu. Hilo pia limewahi kuniuma chini ya mbavu. Tumeonana kwenye sherehe, tumebusiana, tumeulizana habari za watoto. Hatukuwahi kuzungumza juu ya karatasi ile.

Jana, mchana, nikiwa bado mbele ya sentensi yangu moja, simu ililia. Alikuwa Bea. Nyuma yake nilisikia vyuma vikigongana.

"Yaya Odeti, uko unaandika?" Yaya, kwetu, ni dada mkubwa.

"Najaribu."

"Unaandika ile ya hedi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nilisema: "Bea, sikukosea. Nilijua. Nilikuonea wivu."

Nilisikia spana ikilazwa juu ya kitu. "Aba," alisema. "Njo leo unasema."

"Ulijua?"

"Karatasi yako ilirudi ndani ya kifurushi, Yaya. Mi njo niliokota ile gazeti. Uliandika heda, ukakata, ukaandika hedi. Muntu asiyejua hawezi kuandika ya kweli kwanza."

Niliuliza kama Papa aliiona. Alisema alimpa siku ile ile, na kwamba Papa aliisoma karibu na macho, muda mrefu, akasema: "Nyamaza nayo. Mutoto akijua tunajua, atahama." Akaifunga pamoja na ile gasketi ya kulasi, akaviweka vyote chini ya godoro, viendelee kunyooka. "Mama Vero amelala juu ya ile kitu miaka yote, anauliza juu ya nini kitanda iko na mifupa."

Bea hakunisubiri. Alisema mwaka jana Madamu alianza kuvuja kwenye kulasi. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya mafuta. Walitafuta gasketi mji mzima, wakatuma hadi ng'ambo, hakuna. Gari la umri ule halina tena vipande. Papa, aliyekuwa tayari haoni kabisa, alisema kutoka kitandani: inueni godoro.

"Ile hedi yako iliingia kama alipimiwa. Madamu anatembea nayo mupaka leo. Kesho atafuata sanduku ya Papa. Ngoja, sikiliza."

Akaisogeza simu. Nilifumba macho, kama alivyofumba yeye siku ile na sindano kwenye blauzi, nikasikiliza kwa nguvu zangu zote. Injini ilizunguka. Nilitafuta tiki.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Sawa. Hiyo njo jibu." Alizima injini. "Basi, Yaya, ile ya kweli utaiandika siku ingine, pole pole. Kesho mbele ya bantu useme ulikosea, Mama acheke. Na ukuye huku asubuhi mapema, nikuonyeshe tena vitesi, kubadilisha gia, iko kwenye usukani, umesahau. Usivae viatu ya visigino."

"Kwa nini mimi?"

"Papa alisema, mwenye kumuponesha njo ataendesha," alisema Bea. "Mi nitakaa nyuma, na Mama Vero."